Ukoo Unaozaliwa Tunduni

Mti ambao wakata kuni wa kwetu Tabora huukimbilia kwanza ni ule uliofia wima. Umekwisha kukauka, unapasuka kwa shoka bila shida, unawaka vizuri, na mtu akiuangusha hakuna wa kumuuliza, kwani mti wenyewe ulikwisha kufa. Mimi ni mwalimu wa biolojia wa sekondari na ni mtoto wa mrina asali. Kwa niliyosoma na kwa niliyolelewa nayo, naamini mti huo ndio uliopaswa kuwa wa mwisho kukatwa. Naandika kuutetea, na shahidi wangu wa kwanza ni kigong'ota.

Ukiusogelea mninga mkavu wenye tundu la kigong'ota, tazama chini kwanza. Tundu likiwa jipya, utakuta vibanzi vyembamba vimetapakaa kwenye kitako cha shina, bado vyeupe, mvua haijavigeuza rangi. Kisha inua macho. Tundu ni duara safi. Kwa vigong'ota wetu wadogo halizidi sana upana wa vidole vitatu. Mara nyingi limetobolewa upande wa chini wa tawi lililolala, ili maji ya mvua yasiingie. Njia yake huingia mbele kidogo, kisha hukata kwenda chini mpaka chumbani. Humo hakuna nyasi wala manyoya. Mayai meupe hutagwa juu ya vibanzi vilevile, dume na jike hupokezana kuatamia, na zamu ya usiku huwa ya dume.

Familia ya vigong'ota ina zaidi ya spishi 200, nao wameenea karibu dunia nzima isipokuwa Australia, New Zealand, Madagaska na Antaktika. Pwani yetu yupo mmoja ambaye jina lake la kisayansi limebeba mji: Campethera mombassica. Huku kwenye miombo wapo wa aina kadhaa. Mdogo wao hugonga vijiti vyembamba na hata mabua makavu ya mahindi akitafuta mabuu ya wadudu. Wengine hushuka kabisa ardhini kula sisimizi.

Wote wameumbwa kwa kazi hiyo moja. Vidole viwili vya mguu huelekea mbele na viwili nyuma, vikaling'ang'ania gome. Manyoya ya mkia ni magumu, humwegemeza ndege anaporudisha kichwa nyuma kupiga. Ulimi ni mrefu kiasi kwamba mifupa inayoushikilia huzunguka nyuma ya fuvu. Na ubongo je? Kwa miaka mingi vitabu vilifundisha kwamba fuvu lake lina sehemu laini inayomeza mshtuko. Mwaka 2022 Sam Van Wassenbergh wa Chuo Kikuu cha Antwerp, Ubelgiji, na wenzake walichapisha vipimo vya video za kasi kubwa za spishi tatu, wakaonyesha kwamba mdomo unapogonga mti, kichwa chote husimama kwa pamoja. Hakuna sehemu inayonepa. Ingekuwepo, nguvu ya pigo ingepotea njiani na ndege angelazimika kupiga kwa nguvu zaidi ili atoboe kile kile. Kinachomnusuru ni udogo wa ubongo wake, unaostahimili kusimama ghafla kwa namna ambayo ubongo wa binadamu ungeumia.

Kazi yote hiyo mara nyingi ni ya msimu mmoja tu. Vigong'ota wengi hutoboa tundu jipya kila wanapotaka kuzaa, na la zamani huliacha wazi. Hapo ndipo wapangaji huingia: kwezi, hudihudi, goregore, bundi wadogo, popo, mijusi. Hawa hawana mdomo wa kutoboa mti mgumu. Wanangoja ama tawi livunjike na moyo wa mti uoze taratibu, ama kigong'ota awe amepita. Chakula msituni kinaweza kuwa tele, na bado ndege hao wakakosa kuzaa kwa kukosa mahali pa kutagia tu. Kwa hiyo kigong'ota mmoja anayelea vifaranga vyake leo anawawekea wengine akiba ya mwakani: kwezi atakayekula matunda na kudondosha mbegu mbali, bundi atakayekamata panya, popo atakayewinda wadudu wa usiku.

Madoa ya punje ya hindi

Wanafunzi wangu wakifika mada ya urithi, huwaletea mahindi yenye punje za madoadoa. Madoa hayo ndiyo aliyoyasoma Barbara McClintock kule Marekani katika miaka ya 1940. Aligundua kwamba vipo vipande vya vinasaba visivyokaa mahali pamoja. Huhama ndani ya kromosomu, na kipande kikiangukia kwenye jeni ya rangi, rangi huzimika; kikiondoka, rangi hurudi katika seli zile tu, na punje hubaki na madoa. Wenzake wengi hawakumwelewa kwa muda mrefu. Mwaka 1983, akiwa na umri wa miaka 81, alipewa Tuzo ya Nobel.

Mahindi hayo yanahusiana na kigong'ota kwa karibu. Mwaka 2014 kundi kubwa la watafiti lilichapisha ulinganisho wa vinasaba kamili vya spishi 48 za ndege. Ndege kwa kawaida wana vinasaba vifupi: herufi zao ni bilioni moja na kitu, wakati zetu ni bilioni tatu hivi. Vile vipande vinavyohama huwa ni asilimia 4 hadi 10 tu ya vinasaba vya ndege wengi. Lakini kwa kigong'ota mmoja mdogo wa Amerika Kaskazini, Dryobates pubescens, vilikuwa asilimia 22. Vingi ni vya aina iitwayo CR1, ambayo haing'oki ilipo. Hujinakili, na nakala ikapachikwa kwingine. Ni kama daftari ambalo ukurasa mmoja umejinakili mara maelfu na kujibandika katikati ya kurasa nyingine, na daftari likaendelea kusomeka.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama huo ni ugonjwa. Hapana. Kwetu binadamu vipande vya namna hiyo ni karibu nusu ya vinasaba vyote. Vingi vimenyamaza, vingine vimepata kazi, na mara chache kimoja huangukia pabaya na kuharibu jeni. Kwa mtafiti vina faida kubwa, kwa sababu ni alama za ukoo. Ni vigumu nakala ile ile kuangukia mahali pale pale kwa spishi mbili zisizohusiana. Ukiikuta kwa zote mbili, kuna uwezekano mkubwa kwamba waliirithi kwa babu mmoja.

Vinasaba vya ndege vimelinganishwa kwa njia nyingi, na jibu kuhusu ndugu wa kigong'ota linawagusa warina asali wote wa Tabora. Zuwakulu, wale wala matunda wenye midomo minene, ni jamaa zake, lakini ndugu yake wa karibu kabisa ni mlembe.

Ndugu mwenye siri

Mlembe ni yule ndege mdogo wa rangi ya majivu anayemwita mtu kwenye asali. Baba alipomsikia tu anapiga kelele karibu, aliacha lolote alilokuwa akilifanya. Ndege huruka mti hadi mti, huku manyoya meupe ya pembeni ya mkia yakionekana kila anapopaa, hungoja, huita tena. Akifika penye nyuki hunyamaza au hubadili sauti. Baba alifukiza moshi, alirina, kisha aliweka sega lenye nta na majana juu ya jani, pembeni, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuligusa. Mlembe ni miongoni mwa wanyama wachache wanaoweza kuishi kwa kula nta.

Ushirika huo umepimwa. Mwaka 1989 Hussein Isack na Heinz-Ulrich Reyer walichapisha utafiti wao kuhusu Waborana wa kaskazini mwa Kenya. Bila ndege, kutafuta mzinga wa porini kuliwachukua karibu saa 9 kwa wastani. Wakiongozwa naye, saa 3 na kidogo. Kule Niassa, Msumbiji, Wayao humwita mlembe kwa mlio wa kutetemesha ulimi unaoishia kwa mguno. Claire Spottiswoode na wenzake walionyesha mwaka 2016 kwamba mlio huo uliinua uwezekano wa mtu kuongozwa kutoka asilimia 33 hadi 66. Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi hutumia mbinja. Utafiti wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba mlembe wa kila eneo huitikia zaidi wito wa watu wa eneo lake. Kwa hiyo ndege huyu ana urithi wa aina mbili: ule wa damu, na ule anaojifunza kwa kuishi karibu na watu wanaomfuata.

Na urithi wa damu ndio wenye siri. Mlembe hajengi kiota wala halei mtoto. Jike hutaga yai kwenye tundu la ndege mwingine, kisha huondoka. Kifaranga chake huanguliwa kipofu, kikiwa na ncha kali zilizopinda mdomoni, na kwa ncha hizo huwaua vifaranga wa mwenye nyumba gizani. Spottiswoode alilirekodi tendo hilo kwa kamera nchini Zambia. Ni picha ngumu kutazama. Siku chache baadaye zile ncha hupotea, na wazazi waliofiwa huendelea kukilisha kifaranga kilichowaulia watoto.

Katika utafiti mwingine wa Zambia, Spottiswoode na wenzake walichukua vinasaba vya vifaranga wa mlembe kutoka kwenye viota vya ndege mbalimbali, wakachapisha matokeo mwaka 2011. Ili uyaelewe, kumbuka jambo moja kuhusu ndege. Kwa binadamu, mbegu ya baba ndiyo inayoamua jinsia ya mtoto, kwa kuwa ana kromosomu X na Y. Kwa ndege ni kinyume chake: jogoo ana Z mbili, mtetea ana Z na W, na W hupita kwa mama kwenda kwa binti pekee. Vinasaba vya mitokondria navyo hurithiwa kwa mama. Sasa, vifaranga waliotoka kwenye mashimo ya ardhini, kama ya keremkeremu, na wale waliotoka kwenye matundu ya miti, kama ya hudihudi na goregore, walikuwa na mitokondria za koo mbili zilizoachana mamilioni ya miaka iliyopita. Vinasaba vinavyorithiwa kwa wazazi wote wawili vilikuwa vimechanganyika, kwa kuwa dume hujamiiana na jike wa ukoo wowote. Yaani ni spishi moja, lakini binti hutaga kwenye aina ya kiota alimolelewa, kama mama yake, kama bibi yake, tangu zamani zisizohesabika.

Wapo pia ndugu wa mlembe huyu, akiwemo mwenye madoa kooni, ambao vigong'ota ni miongoni mwa wenyeji wao wakuu. Ndugu humtegemea ndugu kwa kumwibia malezi. Kwa jicho letu ni ukatili, lakini angalia mnyororo wenyewe: mti mzee humpa kigong'ota tundu, tundu humpa hudihudi nyumba, nyumba ya hudihudi humlea mlembe bila hudihudi kujua, na mlembe humwonyesha mrina njia ya asali. Ukiukata mti uliofia wima, unakata ukoo mzima wa kina mama waliozaliwa tunduni.

Ndege wanne

Ukoo wa ndege ukipungua sana, hata kabla haujaisha huanza kuumia ndani. Kila mmoja wetu hubeba jeni kadhaa zenye kasoro, na hazitudhuru kwa sababu nakala nzima ya mzazi wa pili huzifunika. Wakibaki wachache, ndugu huzaana na ndugu, nakala mbovu hukutana na nakala mbovu, mayai hayaanguliwi, vifaranga hudhoofu. Hilo limeonekana wazi kwa kigong'ota wa kusini mashariki mwa Marekani, Leuconotopicus borealis.

Huyu hutoboa misonobari mirefu iliyo hai, na hutaka mizee, ya umri wa miaka 60, 80 au zaidi, ambayo kuvu imekwisha kulainisha moyo wake. Tundu moja huweza kumchukua miaka. Kulizunguka hutoboa vijitundu vidogo ili utomvu utiririke shinani na kuwazuia nyoka kupanda. Vijana wa kiume mara nyingi hubaki nyumbani kuwasaidia wazazi kulea wadogo zao, kwa kuwa tundu ni mali adimu ya kusubiriwa. Misonobari hiyo ilienea takriban hekta milioni 36. Ilikatwa mpaka ikabaki chini ya asilimia 5. Mwaka 1970 ndege huyo aliwekwa kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka. Katika eneo moja la jimbo la South Carolina, Savannah River, mwaka 1985 walikuwa wamebaki ndege wanne tu.

Septemba 1989 kimbunga Hugo kilipiga msitu wa Francis Marion katika jimbo hilo hilo na kuangusha asilimia 87 ya miti yenye matundu. Zaidi ya nusu ya ndege walikufa. Wataalamu walikuwa ndiyo kwanza wamebuni njia ya kukata nafasi kwenye shina hai kwa msumeno na kupachika humo kijumba cha mbao chenye tundu. Walipanda ngazi, wakapachika vijumba kwa mamia, na ndege wakaingia. Kwenye makundi madogo kama lile la Savannah River walileta pia vijana kutoka misitu yenye ndege wengi, ili damu ichanganyike. Wakafyeka vichaka na kurudisha moto wa kupangwa ambao misonobari hiyo huuhitaji. Mwaka 2024 serikali ya Marekani ilimshusha daraja la hatari, familia zikiwa zimefikia karibu 7,800.

Nafurahia ushindi huo kwa moyo wote, na naiona bei yake pia: zaidi ya miaka 50 ya kazi, watu waliosomea, magari, ngazi, misumeno, maabara. Yote hayo yalifanywa kufidia kitu ambacho mti mzee hutoa bure. Kijiji cha Sikonge au Urambo hakitakuwa na bajeti ya kupachika vijumba. Kina miti yenyewe, na bado imesimama.

Mbegu zisizosafiri

Msitu unaopoteza ndege haubaki msitu ule ule. Ushahidi upo hapa nchini, Usambara Mashariki. Norbert Cordeiro na Henry Howe walichunguza mti mmoja, Leptonychia usambarensis, ambao mbegu zake husambazwa na ndege. Matokeo yao ya mwaka 2003 yalionyesha kwamba katika vipande vidogo vya msitu vilivyozungukwa na mashamba, ndege hao walikuwa wachache, mbegu nyingi zilidondoka na kubaki chini ya mti mama, na miche michanga ilikuwa pungufu kuliko ndani ya msitu mkubwa. Mti umesimama, una maua na matunda, lakini watoto wake hawafiki mbali. Na mbegu zikibaki miguuni pa mama, kizazi kijacho huota kikiwa ndugu tupu. Kile kilichowapata vigong'ota wa Savannah River kinaweza kuupata mti pia.

Kwetu miombo inaliwa na mkaa, na inaliwa na mabani ya kukaushia tumbaku. Simnyooshei kidole mama anayebeba kuni kichwani; mimi mwenyewe nimekulia jikoni kwa kuni. Lakini kuni za matawi yaliyoanguka zipo, na mti wa kupanda kwa ajili ya kuni hukua kwa miaka michache. Mninga mzee wenye matundu haupandwi kwa mpango wa miaka mitano. Warina nao wana sehemu yao. Mzinga wa gome huuvua mti ngozi na kuuua, wakati mzinga wa mbao hutundikwa miaka mingi na mti ukaendelea kuishi.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inavipa vijiji vyetu uwezo wa kutenga misitu yao na kujiwekea sheria ndogo. Nyingi ya sheria hizo huhesabu miti mibichi tu, kana kwamba uliofia wima hauna mwenyewe. Ombi langu kwa kamati za maliasili ni kuongeza kifungu kimoja: mti uliosimama wenye tundu, uwe hai au mkavu, haukatwi. Walimu wenzangu tuwatoe wanafunzi darasani wakaiorodheshe miti hiyo na kuandika nani anaingia na kutoka. Warina waende na watoto wao porini, ili mlembe wa eneo letu aendelee kuwa na watu wa kuwaita. Kifungu hicho hakihitaji mfadhili, kinaanza kwa kunyoosha mikono kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Kikipita mwaka huu, kigong'ota atakuwa na pa kutoboa msimu ujao. Tukisubiri mpaka miti mizee iishe ndipo tupande mingine, watakaoingoja izeeke ni wajukuu zetu, na huenda wakati huo hakutakuwa na kigong'ota wa kuitoboa.